Kupanga Njia Mpya ya Matembezi Kwenye Barabara ya Misafara: Kutoka Kwihara hadi Korongo la Malagarasi

Njia ya matembezi, yaani njia nyembamba iliyotengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu bila kuchanganyika na baiskeli, bodaboda wala mikokoteni, huonekana kuwa rahisi kupangwa mahali ambapo watu walikwisha kupita kwa vizazi. Magharibi ya Tanzania ni mahali pa namna hiyo, kwa kuwa katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa ilikuwa ikipita kati ya Bagamoyo na Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, kupitia Unyanyembe, kitovu ambacho baadaye kilikuja kuwa mji wa Tabora. Hata hivyo, mpangaji anayedhani kwamba kazi yake ni kuutafuta mstari mmoja wa kale, kuufyeka na kuusimamishia vibao, ataanza vibaya, kwa sababu mstari huo mmoja haukuwapo. Barabara ya misafara ilikuwa fungu la vijia vilivyokaribiana na kuachana, na kila msafara ulichagua kijia kwa kutazama maji, chakula na usalama wa msimu ule.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1871. Vita kati ya mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya moja kwa moja kuelekea magharibi, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora ya leo, mwezi Septemba akimtafuta mmisionari David Livingstone, alilazimika kushuka kusini, kuzunguka pori kubwa na kuja kuukuta mto Malagarasi kutokea upande mwingine. Alifika Ujiji mwishoni mwa mwaka huo kwa njia ambayo misafara ya biashara isingeichagua wakati wa amani. Kwa hiyo vijiji viwili vilivyo mbali sana vinaweza vyote kudai kwa haki kwamba barabara ya misafara ilipita kwao, na mpangaji hana sababu ya kukikanusha kimoja ili akikubali kingine. Linalompasa ni kujifunza namna wapagazi walivyochagua njia, kisha kuchagua kwa namna hiyo hiyo.

Ushahidi wa mahali vijia vilipopita hukusanywa kwa kulinganisha vyanzo kadhaa, kwani hakuna kimoja kinachotosha peke yake. Maandishi ya wasafiri hutaja mito, vijiji na saa za mwendo, lakini majina yaliyoandikwa na wageni hupotoka, na vijiji vya Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, vilikuwa vikihama. Ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000 zilizochorwa na Paul Sprigade na Max Moisel huonyesha barabara za mwanzo wa karne ya 20, wakati ambapo baadhi ya vijia vilikwisha kunyooshwa na serikali ya kikoloni. Miembe mikongwe iliyopangana hupendwa sana na waongoza watalii kama alama ya njia, na mara nyingi kweli ni alama, lakini mwembe hupandwa pia mbele ya nyumba, kando ya shule na kwenye misheni, hivyo safu ya miembe ihesabiwe kuwa dokezo linalosubiri kuungwa mkono na jambo jingine. Ardhi yenyewe huhifadhi kidogo, kwa maana udongo mwepesi wa kichanga wa nyanda hizi hufuta nyayo upesi, isipokuwa kwenye kingo za vijito, ambako unyayo wa watu wengi kwa miaka mingi huacha mtelemko uliochimbika kama mfereji usioelekea kwenye shamba wala nyumba yoyote.

Wazee ni chanzo kikubwa, lakini namna ya kuuliza huamua thamani ya jibu. Anayeuliza, “Mzee, hii ndiyo njia ya watumwa?” amekwisha kumpa mwenyeji wake jibu mdomoni, na kwa adabu ya mwenyeji kwa mgeni jibu litakuwa ndiyo. Anayeuliza, “Mzee, zamani watu wa hapa walipokwenda kutafuta chumvi Uvinza, walilala wapi siku ya kwanza, na maji waliyapata wapi?” hupata majina ya visima, ya miti na ya vijito, na majina hayo yakipangwa kwenye ramani huchora njia yenyewe. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikichemshwa kutoka chemchemi zake karne nyingi kabla ya misafara ya pwani, na swali linaloanzia kwenye chumvi humfikisha muulizaji kwenye vijia vya zamani kuliko biashara ya pembe.

Ardhi tambarare na hila yake

Tabora imekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Msomaji aliyezoea vitabu vya kupanga njia za milimani anaweza kuona kwamba uwanda hauna shida, kumbe shida yake ni ya aina nyingine: maji hayana pa kwenda. Maeneo ya chini, yanayoitwa mbuga, ni mabonde mapana yenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na wakati wa masika huvimba na kuwa tope linalonata, halipitishi maji chini wala halibebi uzito juu. Njia ikikatizwa katikati ya mbuga itapitika mwezi Septemba, lakini ikifika Februari kila mtembeaji atakwepa tope kwa kukanyaga pembeni, na baada ya misimu michache njia iliyokusudiwa kuwa na upana wa nusu mita itakuwa imepanuka na kuwa uchafu wa mita 10.

Wapagazi walilijua jambo hilo. Vijia vyao vilishika migongo ya ardhi, yaani sehemu zilizoinuka kidogo kati ya bonde na bonde, ambako msitu wa miyombo huota kwenye udongo wa kichanga unaokunywa maji haraka, na viliingia mbuga pale tu ambapo hapakuwa na budi, kwa kuchagua mahali bonde lilipo jembamba. Mpangaji wa leo afanye vivyo hivyo. Kabla ya kuweka alama yoyote ya kudumu, mstari unaopendekezwa utembewe mara mbili, mara moja mwishoni mwa kiangazi na mara moja mvua zinapokuwa zimekolea, na katika kila mara vifungwe vitambaa vya rangi tofauti kwenye miti. Mahali vitambaa vya misimu miwili vinapokutana ndipo njia inapoweza kutengenezwa bila hofu, na mahali vinapoachana panahitaji uamuzi: ama kuzunguka, ama kujenga tuta la mawe lenye matundu ya kupitishia maji, ama kukubali kwamba kipande hicho kitafungwa wakati wa mvua. Uamuzi wa mwisho ni wa bei nafuu kuliko yote, na hauna aibu yoyote, ingawa wafadhili hawaupendi. Vichuguu vikubwa vilivyotapakaa ndani ya mbuga husaidia pia, kwa kuwa ni visiwa vikavu vinavyoweza kuunganishwa na njia ikapita kwa kuruka kutoka kimoja hadi kingine, mradi ibainishwe kwanza kwamba hakuna joka aliyejichagulia hapo makazi.

Ndani ya miyombo kwenyewe jambo la kuangaliwa ni kazi za watu, kwa sababu msitu huo unatumika. Mizinga ya nyuki, mingi ikiwa ya magogo au ya magome ya miti yaliyobanduliwa mazimamazima, hutundikwa juu ya miti mirefu, na Tabora ni mkoa wa asali kiasi kwamba chuo cha taifa cha ufugaji nyuki kimewekwa huko. Njia isipite chini ya mizinga wala karibu nayo, kwanza kwa usalama wa mtembeaji, pili kwa heshima ya mali ya mtu. Warina asali ndio wanaoweza kumwonyesha mpangaji mipaka ya maeneo hayo, na pia ndio wanaojua miti mikongwe iliyobaki, kwa kuwa mti wa kale wenye tundu huwa nyumba ya nyuki muda mrefu kabla mtu hajautundikia mzinga. Ngitili, yaani malisho yanayofungwa na wafugaji wakati wa masika ili yatumike kiangazi, nayo izungukwe, kwa maana kijia kinachopita katikati ya ngitili ni kisingizio cha kuingiza ng'ombe wa watu wengine. Kuhusu mashamba ya tumbaku na mabani yake, ambamo majani hukaushwa kwa moto wa kuni, hakuna sababu ya kuyaficha nyuma ya kichaka: mtembeaji anayeona rundo la magogo kando ya bani huelewa kwa nini msitu uliozimwa na shoka upo upande huu na msitu uliosimama upo upande ule.

Korongo ambalo misafara ililikwepa

Korongo ni bonde lililochimbwa na mto likawa na kingo za wima au zilizo karibu na wima. Karibu na Tabora hakuna korongo la kweli. Lililo karibu zaidi kwenye mwelekeo wa misafara liko mbali magharibi, katika Wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma, ambako mto Malagarasi, baada ya kuzunguka katika ardhioevu pana iliyoorodheshwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, huteremka kutoka kwenye uwanda kuelekea Ziwa Tanganyika kwa maporomoko na miteremko ya maji ikiwamo ya Igamba. Kwenye kingo zake na kwenye mabonde yanayomwaga maji yake humo, upande wa kusini katika nchi ya Masito na Ugalla, kumebaki vipande vya msitu wa mtoni, yaani msitu wa kijani kibichi usiopukutisha majani, unaoishi kwa unyevu wa mto wakati miyombo ya juu yake imekauka.

Jambo moja lapaswa kusemwa waziwazi kwenye andiko lolote la mradi: misafara haikupita korongoni. Ilivuka Malagarasi kwa mitumbwi ya Wavinza, ikalipa ushuru wa kivuko uliokuwa ukiwagombanisha sana wasafiri na wenyeji, kisha ikaelekea moja kwa moja Ujiji, ikiuacha mto uende zake kusini. Mtu mwenye mzigo wa kilo 30 au zaidi kichwani au begani hana haja na kingo za mawe. Njia itakayopangwa korongoni ni mpya, na kuiita ya kale ili ivutie wageni ni uongo usio na faida, kwani msitu ule una thamani ya kutosha bila hadithi ya kuazima.

Katika korongo kanuni za mteremko huanza kufanya kazi, nazo ni chache. Mteremko hupimwa kwa asilimia: njia inayopanda mita 10 katika mwendo wa mita 100 ina mteremko wa asilimia 10, na kiwango hicho, kikichukuliwa kwa wastani, ndicho ambacho njia ya udongo huweza kukistahimili bila kuchimbwa na mvua. Kanuni ya pili, ambayo mafundi wa njia huiita kanuni ya nusu, inasema kwamba njia inayokata ubavu wa kilima isiwe na mteremko unaozidi nusu ya mteremko wa ubavu huo wenyewe; ubavu ukiwa na asilimia 12, basi njia isizidi asilimia 6, la sivyo maji yataiona njia kuwa ndiyo mfereji mwepesi na yatafuata humo badala ya kuikatiza. Kwa sababu hiyo hiyo uso wa njia hulazwa kidogo upande wa bondeni, kwa asilimia 5 hivi, na kila baada ya mita 20 hadi 40 njia iliyokuwa ikishuka hupandishwa kidogo kisha ikaendelea kushuka, ili maji yatoke hapo kabla hayajapata nguvu. Vifaa vya kupimia ni klinomita, kipima mteremko kinachoshikwa mkononi, au katika hali ya uhitaji mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji pamoja na miti miwili yenye urefu sawa.

Kishawishi kikubwa korongoni ni kuiteremsha njia hadi ukingoni mwa maji na kuiacha ifuate mto, kwa kuwa huko ndiko kuna kivuli na mandhari. Kishawishi hicho kikataliwe. Mto wa eneo lenye msimu mmoja wa mvua hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, na njia ya ukingoni huondoka na mafuriko ya kwanza. Mizizi ya miti mikongwe ya mtoni imetandaa juujuu kwenye udongo laini, na kukanyagwa mfululizo huishindilia ardhi mpaka mzizi ukose hewa. Tena ukingo ndio barabara ya viboko, wanaotoka majini usiku kwenda kula na kurudi alfajiri kwa kijia kile kile, na kiboko aliyezuiliwa kurudi majini ni mnyama wa kuogopwa kuliko mamba aliye majini. Njia kuu ikae juu, mahali miyombo inapopakana na msitu wa mtoni, na kutoka hapo vichepuko vichache, viwili au vitatu kwa mwendo wa siku nzima, viteremke hadi mahali penye mwamba mtupu ambapo mguu hauharibu kitu. Mti mkongwe ukikutwa kwenye mstari, mstari ndio uhame, na uhame kwa umbali usiopungua kivuli cha mti huo saa sita mchana.

Nchi ya Masito na Ugalla ni makazi ya sokwe wanaoishi katika miyombo na misitu ya mtoni, kwenye ukingo wa mashariki wa mipaka ya jamii yao barani Afrika. Sokwe hupata maradhi ya binadamu, hasa ya kifua, na wale wasiozoeshwa watu hukimbia na kuacha vyakula vyao. Basi mpangaji atafute kwanza, kwa msaada wa watafiti na askari wa misitu, mahali viota vyao vya usiku vinapopatikana kwa wingi, na njia ipite mbali na hapo kabisa badala ya kukaribia kwa matumaini ya kuwaonyesha wageni. Lipo pia suala la umeme: maporomoko ya Igamba yamepangiwa mtambo wa umeme wa maji wa megawati 49.5, na njia inayochorwa bila kuutazama mchoro wa mtambo huo, barabara zake na nyaya zake inaweza kujikuta imeishia kwenye uzio.

Ruhusa

Ruhusa huombwa kwa kufuata aina ya ardhi, na njia ndefu hupita aina zote. Kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huweka usimamizi mikononi mwa halmashauri ya kijiji chini ya mkutano mkuu wa kijiji, hivyo saini ya mwenyekiti pekee, hata ikiwa na mhuri, haitoshi. Panahitajika muhtasari wa mkutano, na ni bora zaidi njia ikaingizwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Ndani ya hifadhi ya msitu ya taifa mwenye mamlaka ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na misitu ya halmashauri huwa chini ya wilaya. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, ina taratibu za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na humo hakuna kutembea bila askari mwenye silaha. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liulizwe mapema kama mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, kwa sababu jibu likija baada ya kazi kuanza huwa ghali.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa. Sheria hiyo hulinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, bila kungoja tangazo la waziri, na mwaka huo unaangukia katikati ya enzi ya misafara. Shanga za kioo, vigae vya vyungu na misingi ya tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa tambarare, vinaweza kuibuka popote jembe linapopita. Vikiibuka, kazi isimame hapo na Idara ya Mambo ya Kale ijulishwe. Kwihara, yenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 na jumba dogo la makumbusho, ni mojawapo ya vituo sita vya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe vilivyowekwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, na kwa hiyo ndipo pa kuanzia kwa njia yoyote itakayopangwa upande wa Tabora.

Mwendo, kambi na maneno ya vibao

Msafara ulitembea kwa kawaida saa chache za asubuhi, ukitoka kabla jua halijachomoza na kupiga kambi kabla halijakaza, na mwendo wa siku ulikuwa mara nyingi kati ya kilomita 12 na 20. Kipimo hicho kinafaa hata leo, maana kilitokana na joto na umbali wa visima. Mahali ambapo maji yalikuwa mbali kupita mwendo wa asubuhi, wapagazi walifanya tirikeza: walipika na kunywa adhuhuri, wakatembea alasiri yote, wakalala pasipo maji na kuyafikia asubuhi ya pili. Mtembea kwa starehe asilazimishwe tirikeza. Vipande vya namna hiyo virukwe kwa treni, kwani reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hupita Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, na humwezesha mpangaji kutengeneza vipande vifupi vilivyo bora na kuviunganisha kwa stesheni, badala ya njia moja ndefu ambayo nusu yake haitatunzwa na mtu.

Vibao viwe vichache, viandikwe Kiswahili kwanza, na visiseme zaidi ya kinachojulikana. Kosa linalorudiwarudiwa ni kuwafanya wapagazi wote kuwa watumwa. Watumwa walipitishwa katika njia hii, na ukatili huo uandikwe bila kupunguzwa. Lakini wengi wa waliobeba pembe na nguo kati ya Unyanyembe na pwani walikuwa Wanyamwezi huru, waliofanya kazi kwa ujira, waliopatana bei, waliogoma posho ilipopungua, na walioongozwa na kirangozi, mtangulizi wa msafara, ambaye ndiye aliyechagua kijia. Wajukuu zao wanaishi kando ya njia na husoma vibao hivyo kila siku waendapo shambani, wakati mgeni huvisoma mara moja.

Njia ikishafunguliwa, ratiba yake hufuata mvua na moto. Mwezi Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu, kikundi cha kijiji kinacholipwa kwa kazi hiyo hufyeka nyasi, huzibua matoleo ya maji na hutengeneza mahali palipobomoka. Mwezi huo huo au mwezi Juni, kwa kibali na usimamizi wa maofisa wa misitu, huchomwa moto wa mapema, yaani moto mdogo wa makusudi unaopunguza nyasi kabla hazijakauka kabisa, kwenye kingo za miyombo zinazoulinda msitu wa mtoni, kwa sababu moto wa Septemba ukiingia msituni humo huua miti isiyo na gome nene. Msimu wa matembezi huwa kuanzia Juni hadi Oktoba, na mwishoni mwake miyombo huchipua majani mekundu kabla hata ya tone la kwanza kuanguka. Kuanzia Desemba vipande vya mbuga hufungwa, tangazo likibandikwa Kwihara, kwenye stesheni na kwenye ofisi ya kila kijiji, na fungu la kuwalipa wafyekaji wa Mei litengwe kabla ya tangazo hilo kubandikwa.